Si Haba ya Baba na Bomba Lililoganda

Jumatatu, Novemba 28

Nesi wa presha pale kliniki amesema nisipopunguza hasira nitaanguka siku moja ndani ya sufuria ya mchuzi, na watoto mia mbili na kumi na wawili wa shule watakosa chakula cha mchana. "Kila kinachokukera, Maxine, kiandike, kisha funga daftari." Haya. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Sidhani litatosha.

Cha leo ni hiki. Nimempitia Baba baada ya kazi. Ana miaka themanini na minne, nusu ya mapafu yake aliiacha kwenye mtambo wa chuma hapa Consett, kaskazini mwa Uingereza, na tangu Mama afariki anaishi peke yake. Nikamuuliza anaendeleaje. "Si haba," akasema, huku anakohoa mpaka kikombe kinacheza kwenye kisahani.

Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikatwa mguu atakwambia si haba, kuna waliokatwa yote miwili. Na wewe unatakiwa uitikie kwa kichwa na kuuliza habari za paka.

Ijumaa, Desemba 2

Mvua. Supu ya dengu. Mkuu wa shule kaniudhi, lakini kidogo tu.

Alhamisi, Desemba 8

Nyuzi tano chini ya sifuri.

Nimefika kwa Baba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kazi, nikamkuta jikoni na koti na kofia, anasoma gazeti la jana. Pumzi yake ilikuwa inaonekana, humo humo ndani ya nyumba. Boila yake ya gesi, hiyo mpya waliyomfungia Septemba ya kupasha maji na vyuma vya joto vya vyumba vyote, ilikuwa inajaribu kuwaka, inanguruma kama tumbo la mtu aliyekula maharage mabichi. Kisha ikazima tena na kuwasha taa nyekundu.

"Baba, hii imezima tangu lini?"

"Ah, tangu jana mchana hivi."

"Mbona hukunipigia?"

"Ulikuwa kazini, mwanangu."

Nikawapigia shirika la nyumba, ambao ndio wenye nyumba. Dakika arobaini na mbili za muziki wa kinanda. Mwisho akatoka binti mmoja mwenye sauti ya upole, akasema sheria yao ni kuongea na mpangaji mwenyewe. Nikaiweka simu kwenye spika mbele ya Baba.

"Bwana Tulip, kwanza nikuulize, je, wewe ni mtu mnyonge?"

Hilo ndilo neno lao. Wana orodha ya wanyonge. Aliyemo anatumiwa fundi siku hiyo hiyo, asiyekuwemo anapanga foleni na sisi wengine. Baba akanyooka kwenye kiti.

"Mnyonge? Nimebeba chuma miaka thelathini na moja, kipenzi. Mnyonge wa nani mimi?"

"Sawa, naandika hapana. Na hali yako kwa sasa?"

"Si haba, asante. Na wewe je?"

Fundi atakuja Jumatatu. Leo ni Alhamisi! Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa hawampi chochote mpaka kwanza akiri kwa mdomo wake kwamba ni mnyonge, na Baba yangu atakufa kabla hajalitamka neno hilo.

Ijumaa, Desemba 9

Nimemwambia aje alale kwangu. Hataki kunisumbua. Nimempelekea hita yangu ya umeme. Nimegundua anaiwasha pale tu anaposikia gari langu likija.

Jumatatu, Desemba 12

Nimeomba ruhusa ya saa mbili ili nimwone huyo fundi kwa macho yangu. Anaitwa Gavin Stobbs. Ni mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mnene, anachechemea. Hakuigusa boila. Alizunguka moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, wa kaskazini, ambao jua haliujui kuanzia Oktoba hadi Machi, akanionyesha bomba jeupe la plastiki lililolala kwenye ukuta.

"Tatizo lako ni hili, dada. Boila za siku hizi ni kama mtoto mchanga, lazima zikojoe. Moshi ukipoa unatoa maji, tone moja moja, na maji yanatokea hapa. Bomba likiganda, maji yanarudi ndani, boila inaogopa, inazima. Haijaharibika. Imejilinda tu."

"Na kwa nini ligande?"

"Tone moja moja kwenye baridi hii? Linaganda kabla halijafika chini."

Nilikuwa nikijua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kumbe kwa Baba haba na haba huziba bomba.

Gavin akaomba maji ya vuguvugu, akaonya yasiwe ya kuchemka maana plastiki itapasuka. Akayamwaga taratibu kwa keni ya kumwagilia maua, kuanzia mwisho wa bomba kuja juu, hadi kipande cha barafu kirefu kama mshumaa kikachomoka na kuanguka kwenye mtaro. Akaingia ndani, akabonyeza kitufe, boila ikaunguruma. Dakika kumi. Akatoa simu yake na kubonyeza tena.

"Tayari. Kazi imekamilika."

"Imekamilika vipi? Usiku wa leo bomba halitaganda?"

Akaangalia bomba, akaangalia viatu vyake. "Kwenye simu kuna vibonyezo viwili tu, dada. Inafanya kazi, haifanyi kazi. Sasa hivi inafanya kazi."

Baba akamtolea chai na vikeki vya Krismasi, akamshukuru mara nne. Mimi nilitamani kumpiga na keni.

Jumanne, Desemba 13

Limeganda.

Jumatano, Desemba 14

Limeganda. Leo ndiyo siku ya chakula cha Krismasi shuleni, bata mzinga kwa sahani mia mbili na kumi na mbili. Nimeanza siku yangu saa kumi na mbili gizani nimepiga magoti kwa Baba, nakanda bomba ukutani kwa mfuko wa mpira wa maji ya moto kana kwamba ni mgonjwa wa mgongo. Baba alikuwa dirishani ananipungia mkono na kuniambia nisijisumbue.

Alhamisi, Desemba 15

Nimenunua zile ala za sifongo za kuvalisha mabomba, mita nne, nikazifunga kwa utepe wa gundi. Nimejiona fundi kuliko mafundi.

Ijumaa, Desemba 16

Limeganda ndani ya koti lake!

Shule imefungwa leo, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kugombana. Gavin aliporudi nilimsubiri mlangoni. Hakuniogopa. Akaibinya ile sifongo, maji yakachuruzika.

"Hii ni ya mabomba ya ndani, dada. Huku nje imenyonya mvua kama biskuti kwenye chai. Sasa umelivika bomba nguo mbichi."

"Basi ningefanya nini? Niambie! Wewe unakuja, unamwaga maji, unaondoka. Ningefanya nini?"

Akakaa kwenye kizingiti na kunyoosha mguu. Akanieleza polepole, na nitamtendea haki kwa kuyaandika. Bomba la nje linatakiwa liwe fupi, nene na lenye mteremko mkali, na livae koti lisilopitisha maji. La Baba lina mita nne, unene wake ni wa kidole changu, na katikati limeshuka na kufanya tumbo ambalo maji hulala humo. Na bora kuliko yote ni lisitoke nje kabisa. Ndani ya jikoni, chini ya sinki, kuna bomba la maji machafu. Kutoka kwenye boila hadi pale ni mita moja. Unatoboa ubavu wa kabati, unaunganisha, basi. Halitaganda hata theluji ikifika dirishani.

Mita moja!

"Na ni mpumbavu gani," nikamuuliza, "aliyeacha mita moja ya ndani akaenda kufunga mita nne nje, ukuta wa kaskazini?"

Akasugua goti lake. Kisha akasema, "Ni mimi."

Nikakaa pale pale kizingitini, karibu naye.

"Nilitaka kulipitisha ndani. Nilimwambia mzee inabidi tutoe masufuria yote kabatini, nilale chini nitoboe. Akaona goti langu linanisumbua. Akasema, 'Usijisumbue kwa ajili yangu, kijana, fanya lililo rahisi.' Nikamwambia la nje linaweza kuganda. Akasema hapana, hapana, litakuwa si haba. Nilikuwa na nyumba nyingine tatu siku hiyo, dada. Nikashukuru. Sikutakiwa kushukuru."

Nikaingia ndani. "Baba, ni kweli?"

"Kijana alikuwa na maumivu," akasema Baba.

Sijui nimkasirikie nani. Nimeamua kuwakasirikia wote wawili.

Jumatatu, Desemba 19

Baridi imepungua, mvua tu. Gavin anasema yuko tayari kulihamisha bomba kesho, lakini hawezi kugusa kitu bila agizo la ofisi. Ofisi haitoi agizo kwa kazi iliyokwisha kamilika, na hii imekamilika mara mbili. Njia ni moja tu: mpangaji awasilishe malalamiko.

Nimemkalisha Baba tangu saa nne asubuhi. Nimemfundisha cha kusema. Ameniahidi. Muziki wa kinanda dakika thelathini. Simu ikapokelewa.

"Bwana Tulip, unataka kuwasilisha malalamiko kuhusu huduma yetu?"

Nikamkodolea macho. Nikamfinya.

"Malalamiko? La, la, kipenzi. Huyo kijana wenu ni mtu mzuri sana. Nilitaka tu... kama mna nafasi... lakini si lazima."

"Basi niandike kwamba umeridhika?"

"Niandikie hivyo. Krismasi njema."

Nilitoka nje nikapiga teke pipa la taka. Kidole cha mguu kimevimba.

"Baba, umeniahidi!"

"Mwanangu, kuna watu hawana hata nyumba."

"Hao wasio na nyumba wanafaidika nini wewe ukiganda? Watapewa joto lako?"

Akatabasamu kama vile nimesema mzaha. Mimi sikusema mzaha.

Jumapili, Desemba 25

Bata mzinga tena. Bomba halijaganda. Si haba. (Ona, hata mimi!)

Jumanne, Januari 3

Shule imefunguliwa. Mvua, upepo. Tambi.

Jumatano, Januari 11

Mvua.

Jumapili, Januari 15

Redio inasema baridi kali kuanzia kesho, wiki nzima. Na Jumanne asubuhi wakaguzi wa chakula wanakuja jikoni kwangu shuleni. Havikuweza kupishana hivyo viwili.

Jumatatu, Januari 16

Asubuhi bomba lilikuwa limeganda, nikalizibua kwa keni mbili. Jioni, nikiwa nasugua majiko shuleni kwa ajili ya wakaguzi, Baba akanipigia mwenyewe. Hanipigii kamwe. Akasema boila inawaka vizuri, barabara ni kioo cha barafu, nisije leo wala kesho asubuhi, nishughulike na wageni wangu. Nikamuuliza ana joto. Akasema si haba.

Nitaandika ukweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kupiga magoti.

Jumatano, Januari 18

Jana sikuandika.

Wakaguzi waliondoka saa nane mchana. Walitupa alama za juu kabisa. Nilinunua mkate bapa na nyama ya kuokwa niende kusherehekea na Baba. Nimefika saa tisa. Jua lilikuwa zuri na nje palikuwa nyuzi sita chini ya sifuri. Ndani, kwa kipimo cha ukutani, nyuzi nne.

Alikuwa kwenye kiti chake amevaa koti lake la kwendea mazishi. Midomo ilikuwa ya buluu. Hita yangu ilikuwa pembeni, waya umeviringishwa vizuri na kufungwa. Aliponiona akanikaribisha chai, akaniambia birika limeshachemka. Birika lilikuwa kavu. Akaniambia tena. Maneno yake yalikuwa yanateleza kama ya mlevi, na Baba hajagusa pombe tangu harusi yangu. Nikamshika mkono, ukawa baridi kama kitu cha kwenye friji ya shule.

Watu wa gari la wagonjwa walifika baada ya dakika ishirini. Mmoja akamuuliza, "Unajisikiaje, mzee?" Sitaandika alichojibu. Daftari hili linalijua.

Mwili ulishuka joto kupita kiasi, na sasa mapafu yameingiwa na maambukizi. Amewekewa oksijeni. Madaktari wanasema atapona.

Alhamisi, Januari 19

Amepona vya kutosha kuwashukuru manesi mpaka wanamkwepa.

Leo alikuja dada mmoja anayeshughulikia wagonjwa wanaoruhusiwa kutoka. Hana kosa, ni mtu mwema, akanieleza bila kuzungusha: hawawezi kumrudisha mzee mwenye mapafu yale kwenye nyumba isiyo na joto la uhakika. Kuna kitanda kwenye nyumba ya wazee, pwani kule, mwendo wa saa moja na robo kwa gari. Ataingia Jumanne. Ni kwa muda tu, akasema, lakini macho yake yalitazama chini. Tunajua wote jinsi hiyo "kwa muda" inavyoishia. Wanaenda na begi moja, na mtu mwingine anapewa funguo za nyumba yao.

Baba ameishi nyumba ile miaka hamsini na sita. Mama alifia humo. Baba akamsikiliza dada yule mpaka mwisho, akasema, "Popote panafaa, kipenzi. Msijisumbue."

Niliutazama mkono wake. Alikuwa amelishika pindo la shuka na kulikunja, na kulikunja, na kulikunja.

Nikatoka wodini. Nimempigia Gavin. Anasema akipata agizo Jumatatu asubuhi, Jumatatu hiyo hiyo kazi itakwisha.

Ijumaa, Januari 20

Sikupiga simu. Muziki ule wa kinanda nikiusikia tena nitatenda la kufungwa. Nimemwachia msaidizi wangu jikoni, nimekwenda ofisini kwao mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha mapokezi na kusema siondoki. Baada ya saa moja na nusu akatoka meneja wa huduma, Bi. Pallister, mwanamke wa rika langu, miwani kwenye mnyororo. Akaniingiza ofisini kwake, akafungua kompyuta.

"Bi. Tulip, nasikitika sana kuhusu baba yako. Lakini faili letu liko wazi. Kazi imekamilika mara mbili. Hayumo kwenye orodha ya wanyonge, kwa ombi lake mwenyewe. Tarehe kumi na tisa Desemba amethibitisha ameridhika. Na Jumatatu hii alipotupigia..."

"Jumatatu ipi?"

"Tarehe kumi na sita. Saa kumi jioni."

Kwa hiyo aliwapigia. Saa kumi aliwapigia wao, na saa kumi na moja akanipigia mimi kuniambia boila inawaka.

"Simu zenu mnazirekodi. Huwa mnatuambia kila tukipiga. Nataka kuisikia."

Alisitasita, akasema kuna utaratibu. Nikamwambia utaratibu umemlaza Baba hospitalini. Akaibonyeza.

"Bwana Tulip, boila inafanya kazi?"

"Im... imepumzika ki... kidogo, kipenzi."

"Una joto la kutosha nyumbani?"

"S-si haba. Ni-nimevaa koti. Kuna we-wenye shida ku... kuliko mimi. Wahudumie ha-hao kwanza."

"Nafasi ya fundi iliyopo ni Alhamisi. Itakufaa?"

"Itanifaa sa-sana. A-asante kwa kunijali. Po... pole na kazi."

Basi. Hata dakika haikufika. Alimpa pole ya kazi!

"Irudishe," nikasema.

Akairudisha.

"Umesikia nini?"

"Bi. Tulip, anasema yuko..."

"Sijakuuliza anasema nini. Nimekuuliza umesikia nini."

Akairudisha mara ya tatu, bila mimi kumwambia. Safari hii alikuwa ameinama karibu na spika. Na ilisikika wazi kabisa, chini ya kila neno, tak-tak-tak-tak, kama mtu anayegonga mlango kwa kijiko.

"Mmeyaandika maneno yake yote," nikamwambia. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeyasikia meno yake?"

Bi. Pallister akavua miwani. Hakuomba radhi kwa maneno ya barua, yale ya tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Akasema tu, "Hapana." Kisha akaandika agizo mwenyewe, mbele yangu, Jumatatu saa mbili asubuhi, na chini yake akaandika namba za nyumba zote kumi na moja za safu ile zenye bomba kama lile. Sikumshukuru. Kushukuru katika familia yetu kunafanywa na Baba.

Nimeandika kurasa mbili sasa, presha yangu nadhani imepasua kipimo, na bado sijaandika kinachoniuma. Mimi pia alinipigia jioni ile ile, na mdomo ule ule. Mimi ni mwanawe. Nilisikia si haba nikaenda kusugua majiko.

Jumatatu, Januari 23

Dakika arobaini. Nimezipima kwa saa ya jikoni.

Gavin ametoa masufuria, akalala chini kiubavu, akatoboa kabati tundu moja. Mita moja ya bomba, viungio viwili, gundi. Akang'oa lile jembamba la nje, akaziba tundu la ukutani kwa saruji. Nilimwekea mto chini ya goti. Alikataa, nikamwambia akinijibu usijisumbue nitamtoboa yeye. Akaupokea.

Dakika arobaini! Na sisi tumehangaika tangu Desemba, na mzee amekaribia kuzikwa. Nimempigia simu yule dada wa hospitali, nikamsomea kipimo cha ukutani: nyuzi ishirini na moja.

Alhamisi, Januari 26

Baba amerudi nyumbani. Kitanda cha pwani amepewa mwingine. Aliingia, akagusa chuma cha joto cha ukumbini, akaacha mkono wake pale muda mrefu bila kusema kitu.

Jumatatu, Januari 30

Gavin yuko nyumba ya tatu. Zimebaki nane.

Jumanne, Februari 14

Mvua. Pai ya samaki.

Alhamisi, Februari 23

Nimegombana na Baba kuhusu hita. Hataki kuirudisha. Sasa anaipenda!

Jumatano, Machi 8

Theluji hadi kwenye kifundo cha mguu, nyuzi saba chini ya sifuri. Shule imefungwa. Nilikuwa jikoni kwa Baba namenya karoti za mchuzi, boila inaunguruma juu ya kichwa changu, na ndani ya kabati tone, tone, tone, maji yanakwenda zake kwenye bomba la sinki. Baba alikuwa sebuleni anatazama mashindano ya mbio za farasi. Simu yake ikalia, na kwa kuwa masikio yake si mazima, huiweka kwenye spika siku zote.

Ni shirika la nyumba. Walikuwa wanafanya utafiti wa wateja.

"Bwana Tulip, kwa kipimo cha moja hadi kumi, umeridhika kiasi gani na matengenezo yako?"

Nikaacha kumenya. Nilishajua jibu, na presha ilishaanza kupanda.

"Fundi mpe kumi," akasema Baba.

"Na huduma yetu kwa jumla?"

Sauti ya farasi ikazimwa.

"Nyinyi ni moja."

"Mo... moja? Naweza kuuliza sababu, Bwana Tulip?"

"Una nafasi, kipenzi? Si fupi."

Nadhani alikuwa amesahau kwamba niko jikoni. Au hakusahau, sitajua. Alianza kumweleza msichana yule asiyemjua, polepole, bila kukohoa sana. Kwamba ile Jumatatu ya Januari vidole vilikataa kubonyeza namba za simu, akabonyeza kwa kalamu. Kwamba alipowapigia alitaka kusema, lakini neno likaja lile lile, kwa sababu miaka themanini na minne hajawahi kulitafuta jingine. Kwamba kisha alikaa akafikiri, nadhani siku yangu ndiyo leo. Kwamba akajikokota hadi bafuni, akanyoa ndevu kwa maji ya barafu na kuvaa koti la mazishi, kwa sababu atakayemkuta ni binti yake, na hakutaka binti yake amkute ovyo.

Nilikuwa nimeshika kisu na karoti, na sikuweza kuviweka chini.

Msichana akasema, "Nimeandika yote, Bwana Tulip."

"Nisomee."

Akamsomea. Alisoma vizuri, bila haraka, wembe, maji baridi, koti. Alipomaliza Baba akasema, "Hapana, kipenzi, umeruka kitu. Sikukitamka, kosa ni langu. Andika hapo: aliogopa sana."

Nikamsikia Baba akisubiri mpaka msichana amalize kuandika.